Nafasi Tupu kwenye Rafu ya Moyo: Maisha ya Papa Izabayo Théoneste, 1957–2024

Ndugu, majirani wa Kamembe, na ninyi mliovuka mto asubuhi hii kutoka Bukavu, asanteni kwa kuja kumsindikiza Papa yetu. Mimi ni Gasaro, mtoto wake wa pili. Aliyepaswa kusoma wasifu huu ni kaka yangu Shimwa, lakini jana alipojaribu sauti ilimkatika kabla hata ya kufika kwenye tarehe ya kuzaliwa. Alinipa karatasi akasema, "Gasaro, andika tarehe na majina tu. Usiingizemo mambo yako." Nimejitahidi, kaka. Utanisamehe.

Marehemu Izabayo Théoneste alizaliwa Gikundamvura tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mkulima Sibomana na mkewe Niyonshuti. Mwaka 1961, katika miaka ile ya wasiwasi, alivushwa mto Rusizi mgongoni mwa mama yake, na utoto wake wote akaumalizia Kadutu, Bukavu. Ndiyo maana alisali kwa Kinyarwanda, akagombana kwa Kiswahili, na akahesabu kwa Kifaransa.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1964. Darasa la sita walifundishwa na padri mmoja mzee aliyependa historia kuliko chakula. Padri huyo aliwasimulia habari za majeshi ya zamani yaliyokwenda vitani na tembo, na jinsi jemadari wa Karthago alivyowapitisha tembo wake kwenye milima ya theluji. Izabayo alitoka wa kwanza katika mtihani wa historia, na zawadi yake ikawa tembo wa vita mdogo wa madini ya risasi, urefu wa kidole, na mwendeshaji amekaa shingoni. Padri alimwambia watu wengi huchora tembo hao na minara mikubwa na mashela mekundu, lakini wa Karthago walikuwa tembo wadogo wa misitu, wenye rangi ya tope. "Ukimpenda, mweke kama alivyokuwa," alisema. Papa alikuwa na miaka kumi na miwili. Neno hilo lilimwingia akalifanya dini ya pili.

Kukosa karo kulikatiza masomo yake ya sekondari katika mwaka wa tatu. Mwaka 1975 alijifunza uchoraji wa mabango, akaifanya kazi hiyo miaka arobaini na sita, kwanza Bukavu, na tangu tuliporudi mwaka 1995, hapa Kamembe karibu na soko. Yule kuku mwenye mkia wa kijani kwenye duka la mayai ni kazi yake. Alimchukia kuku yule mpaka mwisho! Mteja alitaka kijani, akapewa kijani. "Kazini ninasikilizaka mteja," alikuwa akisema. "Ku nyumba ninasikilizaka ukweli."

Dole gumba lake lilijua rangi kuliko macho ya wengine. Siku moja rafiki yake Mulume, muuza mitumba, alimfunga kitambaa usoni mbele ya soko zima, akampa vibao vitano avipapase. Papa alitaja kipi kimepakwa mara moja, kipi mara mbili, kipi ni mbao tupu. Hakukosea hata kimoja. Mulume alilipa chai ya watu wote waliokuwepo, na mpaka leo anasema kulikuwa na uchawi. Nawaomba mlikumbuke dole gumba hilo.

Tarehe 7 Julai 1984 alifunga ndoa na Mukabalisa Vénantie, Maman yetu aliyeketi hapa mbele. Maman alihamia nyumba yenye kitanda, meza, na tembo wadogo tisa kwenye rafu ukutani. Aliuliza, "Izabayo, uliniowa miye ao uliowa batembo?" Akajibiwa, "Batembo balitangulia tu kufika." Mungu aliwajalia watoto watatu: Shimwa, mimi, na Uwineza.

Tembo waliongezeka. Mulume alikuwa akifungua mafurushi ya mitumba, na kila alipokuta vichezeo vya watoto wa Ulaya ndani yake, alimwita Papa kabla ya mteja mwingine yeyote. Walikuja wa plastiki, wa mpira, wa mbao, mmoja hana mkonga. Papa aliwasahihisha wote. Aliwakata minara kwa msumeno mdogo, akawaondoa askari wanne akabakiza mmoja shingoni, akawapaka rangi ya tope. Wageni walipoona jeshi zima la kijivu ukutani walisema, "Lakini Mzee, wenye mapambo si walikuwa wazuri zaidi?" Papa alijibu kwamba uzuri na ukweli ni watu wawili, na nyumbani kwake aliyealikwa ni mmoja.

Sasa nafika mahali ambapo Shimwa alinikataza.

Pasaka ya mwaka 1999 nilikuwa na miaka kumi. Nilitaka kumpa Papa zawadi, na kitu alichokipenda kuliko vyote nilikijua. Nilimchukua yule tembo wa padri, wa kwanza kabisa, nikampaka kwa rangi za kazini. Nilimfanya bluu, na maduara ya manjano, sawasawa na kitenge cha Maman cha kwendea misa. Nilimweka kwenye sahani yake ya chakula. Papa alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole kabisa, "Batembo ya vita habakuvalaka kitenge, mwana wangu." Kesho yake nilimkuta akimsugua kwa kitambaa chenye petroli. Jioni tembo alikuwa wa kijivu.

Hakunipiga wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Sikushika tena brashi katika nyumba ile, na nilipokua nikaenda Kigali kuwa mshonaji. Nilirudi kila Krismasi, nikapika, nikacheka, ila ukuta ule sikuutazama.

Mwaka 2017 Papa alitundika rafu ya pili. Ya zamani aliiita rafu ya Kweli. Hii mpya akaiita rafu ya Moyo. Aliweka pale tembo aliowapenda bila sababu, pamoja na mmoja mwenye mnara ambaye, tulikuja kugundua, alikuwa amemficha chini ya kitanda tangu mwaka 1988. Jamani, Papa! Katikati aliacha nafasi tupu, akabandika kikaratasi: "Ya Gasaro. Iko njiani."

Kisha alinipigia simu. "Gasaro, nilikosa," alisema. "Ile siku nilitazama tembo, sikutazama mwenye kuleta. Unipakie tena, sawa vile ulifanya." Wiki hiyo hiyo Mulume alinifikishia Kigali yule tembo wa padri ndani ya soksi, amesuguliwa mpaka risasi tupu.

Nilisema nitampaka Krismasi. Halafu nikasema Pasaka. Ukaja ugonjwa uliofunga barabara, nikashukuru kimoyomoyo kupata kisingizio. Kawia ufike, nilijiambia. Kazi yangu ni kuwachagulia wanawake wa watu rangi za vitambaa kutwa nzima, na tembo mmoja wa urefu wa kidole alikaa miaka saba kwenye droo ya cherehani yangu. Kusema kweli nilitaka angoje. Nilitaka aonje kidogo ule uchungu wa jioni ile nilipomkuta tembo wa kijivu. Nasema haya mbele ya mwili wake kwa sababu yeye hakupenda uongo.

Marehemu alianza kuugua sukari mwaka 2011. Mwaka 2021 macho yalimwishia, akafunga karakana. Tangu hapo alikaa chini ya zile rafu, Maman akimpa tembo mmoja mmoja mkononi, naye akiwataja: huyu wa mkonga uliovunjika, huyu wa furushi la kwanza la Mulume. Mwezi Agosti mwaka huu figo zilishindwa. Alilazwa wiki tano hospitalini, kisha akaomba kurudi nyumbani.

Nilifika Jumapili tarehe 29 Septemba, baada ya misa. Tembo alikuwa kwenye mkoba wangu, mtupu, kwa sababu nilipanga kununua rangi sokoni hapa hapa na soko nililipita mbio nilipoambiwa hali yake. Papa alitambua hatua zangu.

"Gasaro. Umeileta?"

"Nimeileta, Papa."

"Ulipaka?"

Nilimtazama alivyokonda. "Nilipaka, Papa."

"Rangi gani?"

"Bluu, na maduara ya manjano. Kama kitenge cha Maman."

Alinyoosha mkono. Nikampa. Alipitisha dole gumba toka mkonga mpaka mkia, polepole, akarudia tena toka mkia mpaka mkonga. Kisha akatabasamu. "Iko muzuri," alisema. "Iko muzuri sana. Uiweke pa nafasi yake." Nikamweka tembo rafuni. Nilitoka nje nikifikiri nimemdanganya mzee kipofu, nikalia nyuma ya nyumba kwa aibu.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Maman. Juzi nilimwambia Maman nilichofanya. Alinijibu, "Alijua, mwana wangu. Uongo wa rangi haungepita kwa kidole kile. Alinikataza nisikuambie. Alisema, 'Muache, atapaka.'"

Mtu huyu aliyemkata minara kila tembo kwa ajili ya ukweli, aliupokea uongo wangu kwa mikono miwili akausifu.

Jana mchana nililaza kile kitenge cha Maman magotini, kimepauka lakini maduara bado yanasomeka, nikampaka tembo. Duara moja limeingia jichoni na sikulisahihisha. Rangi haijakauka vizuri. Ninaye hapa, na kabla sanduku halijafungwa nitamweka chini ya dole gumba la Papa.

Marehemu ameacha mjane, Mukabalisa Vénantie, watoto watatu, Shimwa, Gasaro na Uwineza, wajukuu watano, dada yake Bi Uwase wa Bweyeye, rafiki yake Mulume, na tembo sitini ukutani. Wa sitini na mmoja anaondoka naye. Nafasi yake itabaki tupu, na kikaratasi hatutakibandua.

Papa, pitisha kidole. Safari hii ni kweli. Sasa pumzika, na Mungu akupe amani yake.