Dada Febronia, Aliyewahesabu Watoro Mnadani

"Febronia, wewe wa darasa la saba, utawakagua vipi waganga wa zahanati?" Jirani yetu, Mama Hosea, alimwuliza hivyo dada yangu kisimani, mwaka 2021. Dada alijitwisha ndoo yake, akajibu, "Kuhesabu nilifundishwa darasa la kwanza."

Febronia Mughwai alizaliwa Issuna tarehe 4 Juni 1961. Alisoma shule ya msingi hapo hapo. Mwaka 1981 alifunga ndoa kanisani na Emilian, wakahamia hapa Unyamighua, wakalima alizeti na kufuga kuku. Mungu aliwapa watoto watatu. Shemeji alitangulia mwaka 2016.

Mwaka 2019 alichaguliwa kuingia kamati ya zahanati. Mwaka uliofuata ukaja mwongozo mpya: kliniki ya presha iwe Jumatano tu. Na Jumatano ni mnada. Asiyefika, kadi yake iliandikwa MTORO kwa wino mwekundu. Taarifa ikapanda juu kwamba watu wa huku ni wabishi, hawataki dawa. Dada alikataa. Alichukua daftari, akaenda kukaa mnadani, karibu na zizi la mbuzi.

"Shikamoo baba. Kadi ya presha unayo?"

"Marahaba. Hii hapa mfukoni. Ngoja kwanza mbuzi auzwe, au nikameze dawa na njaa?"

Watoro walikuwa sitini na watatu. Arobaini na wanane aliwakuta pale pale. Afisa wa afya wa wilaya alipokuja kuupima huo mwongozo kama unafaa, dada alimwambia, "Mwanangu, kwenye faili hutawaona. Twende ukawaamkie watoro wako." Alikwenda, akaona, akaandika. Siku haikubadilishwa. Dada aliandika barua nne. Nakala zimo kwenye Biblia yangu, na viongozi mko hapa, mnanisikia.

Naye alikuwa na presha, na alikuwa akiuza kuku mnadani. Kadi yake ina MTORO mara tatu. Alipata kiharusi tarehe 2 Machi 2025, akalazwa, akatuacha Jumatatu tarehe 10. Hakutoroka. Nasema mbele za Mungu, dada yangu hakutoroka.

Ameacha watoto, Winfrida, Clement na Samweli, wajukuu saba, na mimi mdogo wake, Martha. Bwana aliyemwita ampe pumziko lake.

Wengine mmeuliza kwa nini tunamzika leo Alhamisi, si jana. Alituagiza mwenyewe kitandani, ulimi ukiwa mzito:

"Msinizike Jumatano. Watu wako mnadani."