Papa Donatien Bulonza, mtunzaji wa Kandelo (1971–2024)

Tangu Jumatano nyumba yake ya mtaa wa Nyawera, Bukavu, haina wimbo. Wimbo wenyewe haukuwa kamili. Kilikuwa kipande cha video ya kwaya ya parokia: sauti za kwanza zinaanza, za pili zinaingia, kisha picha inakatika kabla wanaume hawajafungua kinywa. Papa Donatien alikitumia kupimia kazi yake, kwa sababu faili ile, kama alivyosema mwenyewe, ilikuwa imeharibika vizuri. Kila alipobadilisha kitu aliichezesha tena. Majirani wote wanakijua kipande hicho. Watoto wao hukiimba wakienda kuteka maji, nao hukatia palepale. Sasa ua mzima uko kimya, na siku hizi tatu wengi wetu tumejikuta tumesimama mlangoni tukisubiri sauti za pili ziingie.

Papa Donatien alizaliwa Mumosho tarehe 9 Septemba 1971, mtoto wa tatu wa mwalimu Zagabe Polycarpe na mama Rosette, ambao wote wawili wametutangulia. Wanaomkumbuka akiwa mdogo wanasimulia siku padre alipoleta sinema kijijini na kutundika shuka nyeupe kati ya miti miwili ya avoka. Watoto wote walibanana mbele. Donatien alikwenda nyuma ya shuka na kuitazama filamu yote akiwa huko, watu wakitembea upande usio wao na maandishi yakisomeka kinyume. Mama yake alipomuuliza sababu, alijibu: "Kule mbele banasukumana. Huku nyuma niliona sinema, na tena niliona mashini."

Shule ya msingi aliisoma Mumosho. Kwa sekondari alipelekwa Bukavu, akakaa Kadutu kwa baba yake mdogo, tonton Jean-de-Dieu, ambaye tuko naye hapa leo. Alisoma math-physique, yaani hesabu na fizikia, akapata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1990, kisha akasomea elektroniki na kumaliza mwaka 1994. Katika miaka hiyo aliifungua redio ya tonton bila ruhusa, akaifunga, ikalia kuliko mwanzo, lakini skrubu moja ikabaki mkononi mwake. Tonton anasema alimuuliza kwa muda mrefu skrubu ile ilikuwa ya nini, na jibu lilikuwa lilelile: "Ilikuwa ya kuzuia sauti."

Alianza kazi kama mwalimu wa hesabu Sange, kwenye joto la bonde, ambalo alilipenda kuliko sisi watu wa milima tunavyoweza kuelewa. Vita ya 1996 ilimrudisha Bukavu kwa miguu. Njia ile hakuisimulia, nasi hatukumlazimisha. Alitengeneza redio na televisheni Kadutu, na kuanzia mwaka 2005 akawa msimamizi wa kompyuta katika ofisi moja mjini, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomzuia.

Lakini kazi iliyomjulisha kwa watu ambao hatutawaona kamwe ni Kandelo. Kandelo ni programu ya kuchezesha video kwenye kompyuta. Haiuzwi. Msimbo wake uko wazi, maana yake mtu yeyote duniani anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuyatuma marekebisho yake kwa mtunzaji, na mtunzaji ndiye huamua kipi kiingie na kipi kirudi kwa mwenyewe. Ilianzishwa na mwanafunzi mmoja wa nchi ya mbali. Papa Donatien alikutana nayo mwaka 2009, alipokuwa akitafuta kitu chepesi kitakachofunguka kwenye mashini za zamani za ofisi. Akaona kasoro, akairekebisha, akaituma. Mwaka 2012 yule mwanafunzi, ambaye sasa alikuwa baba wa mapacha, aliandika kwamba anayetaka kuitunza Kandelo ajitokeze. Papa Donatien alijitokeza. Baadaye ndipo alipojua kwamba alikuwa peke yake.

Kasoro za programu aliziita funza. Alisema kubwa hazimtishi kwa sababu zinaonekana. Ndogo ndiyo unaitoa kwa sindano, polepole, na ukiacha yai ndani, kesho mguu umevimba tena.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Georgette Nsimire katika parokia yao ya Kadutu, na Mungu akawapa watoto watatu: Fabien, Ghislaine na Fanny. Maman Georgette hajaandika hata mstari mmoja wa msimbo, lakini aliitunza Kandelo kwa namna yake. Papa Donatien alikuwa mtu wa hasira za haraka, na watu wanaotumia kitu cha bure wana maneno makali kuliko wanaonunua. Kwa hiyo, kabla ya kumjibu mtu, aliingia jikoni na kumsomea mke wake jibu, akilitafsiri.

"Papa Fabien, ile neno 'mujinga' toa."

"Lakini iko mujinga."

"Toa. Iko mujinga, lakini alikuandikia wewe."

Naye alitoa. Ndivyo Kandelo ilivyopata sifa, katika nchi nyingi, ya kuwa na mtunzaji mpole.

Mwaka 2018 alitokea mtu aliyejiita Montage-K. Huyu aliandika kwa Kifaransa kilichonyooka, na hakusifu kitu chochote. Papa Donatien aliamua kwamba ni bwana mmoja wa Ubelgiji aliyestaafu, asiye na la kufanya. Kila alipomtaja mezani alimwongezea kitu: kwanza miwani, kisha kipara, mwishowe mbwa. Bwana huyo alilalamika kwamba kompyuta ikizimika ghafla, Kandelo husahau filamu ilipofikia na kuanza upya. Papa Donatien alimjibu kwamba watu wenye akili huzima kompyuta vizuri kabla ya kuondoka. Maman Georgette aliondoa "wenye akili".

Jumamosi moja, mabishano yakiwa yamepamba moto, courant, yaani umeme, ilikatika Nyawera. Iliporudi, Papa Donatien aliharakisha kuomba radhi kwa kunyamaza, akakuta yule bwana naye ameomba radhi kwa kunyamaza. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyohivyo. Mara ya tatu aliacha Kifaransa, akaandika: "Kwenu courant imerudi?"

Jibu lilikuja upesi. "Imerudi, lakini iko faible, haibebe hata frigo."

"Uko wapi?"

"Kasha."

Maman Georgette alisikia kicheko kutoka sebuleni, akaja akiwa na kijiko mkononi. Miezi yote ile mumewe alikuwa akigombana na mtu wa upande wa pili wa dunia, na mtu huyo alikuwa Kasha ya Bagira, humuhumu Bukavu. Akamwandikia kisa cha Mbelgiji na kumwelekeza nyumbani.

Jumapili baada ya misa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu alibisha mlangoni, begi la kompyuta begani. Alikuwa Clémence, ambaye kazi yake ni kuunganisha video za harusi, na aliyechoka kurudishiwa kazi na maharusi waliodhani video zake ndizo mbovu, kumbe ni programu isiyojua kukumbuka.

"Maman," alisema, "mimi ndiye ule bwana wa Ubelgiji."

"Karibu," Maman Georgette alimjibu. "Huyu iko anakutukana tangu Pasaka."

"Najua, maman. Nilikuwa nasoma."

"Hapana. Ulisoma tu yenye nilibakisha."

Tangu siku hiyo Clémence akawa mtu wa nyumba ile. Alikuja na malalamiko yake kwa mdomo, akaondoka amefundishwa namna ya kuyatengeneza. Miaka ilipita, na marekebisho yake yakawa mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote, ukimwacha Papa Donatien.

Ugonjwa wa figo uligunduliwa mwaka 2022. Aliubeba bila kelele, na kwa mizaha. Alipokatazwa chumvi alisema sasa anaelewa maisha ya ng'ombe wa Mumosho pale wanapolamba mawe. Aliendelea na Kandelo akiwa ameketi, kisha akiwa ameegemea mito, kisha akisomewa. Mwezi wa Mei mwaka huu alijua kwamba hatapona, na kitu kimoja kilimnyima usingizi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuruhusu rekebisho kuingia Kandelo. Akiondoka nayo, kazi za watu zingepanga mstari mbele ya mlango ambao hakuna wa kuufungua, na programu ingekufa polepole, mashini moja baada ya nyingine, bila mtu kujua ilikufa siku gani. Alitaka kumpa Clémence mamlaka hayo akiwa bado hai.

Habari ilimfikia tonton Jean-de-Dieu kwa namna habari zinavyofika katika familia kubwa: imepinda. Aliambiwa kwamba mtoto wetu anarithisha kazi yake yote kwa mwanamke wa Kasha. Akaitisha kikao. Jumapili ya tarehe 2 Juni tulikaa wote Nyawera kuzunguka kitanda, Clémence karibu na mlango, begi magotini, tayari kuondoka. Alikuwa ameshasema kwamba kama familia haitaki, yeye hataki.

Tonton alizungumza kwa heshima, kama kawaida yake. "Donatien, sisi hatukatai. Lakini watu banasema. Mwanamke wa Kasha anaingia huku, anatoka, na sasa anachukua kazi. Watoto watabaki na nini? Na Georgette, wewe unasema nini?"

Maman Georgette alikuwa akimenya ndizi. "Tonton, kama mume yangu alikuwa anatafuta mwanamke, hangetafuta wa kumugombeza kila siku. Wa vile iko naye nyumbani."

Papa Donatien alicheka mpaka tukaogopa kwa ajili ya pumzi yake. Alipotulia alisema: "Tonton, ndani ya ile kazi hamuna feza."

"Hamuna kabisa?"

"Hamuna."

"Basi unamurithisha nini?"

"Malalamiko, tonton. Iko mengi. Kama familia inataka, tunaweza kugawanya."

Tonton akaomba asomewe moja. Clémence akafungua kompyuta na kumtafsiria barua ya mtu wa mbali, aliyelalamika kwamba katika video ya sikukuu, sauti ya mama mkwe wake inafika kabla mdomo haujafunguka.

"Hiyo haiko kasoro," tonton alisema. "Hata mama mukwe wangu alikuwa vile."

Tulipomaliza kucheka alimgeukia Clémence, na safari hii hakuwa na mzaha. "Wewe unaweza kuitengeneza?"

"Naweza, tonton. Lakini haiko ya leo."

"Donatien alikuwa anajibu vile kila nikimuletea redio ya kutengeneza," tonton alisema. "Achukue. Lakini asichukue kama mugeni. Siku ya sikukuu aje akule na familia."

Palepale, mbele yetu sote, Papa Donatien alimpa Clémence mamlaka juu ya Kandelo. Jambo lenyewe halikuwa na cha kuonekana: aligusa sehemu mbili tatu za kioo kwa kidole kilichovimba, akauliza kama imefika, na Clémence akajibu kwamba imefika. Lakini waliokuwepo watakubali kwamba uso wake ulibadilika, kama wa mtu aliyetua mzigo na bado hajanyoosha mgongo.

Alikuwa amebakiwa na wiki moja na siku chache. Kasoro ile ya kwanza, ya kusahau filamu ilipofikia umeme unapokatika, walikuwa wameitoa zamani, lakini ilirudi kwenye toleo jipya. Clémence aliitengeneza upya, akaileta hospitali, mgonjwa alikokuwa amelazwa. Papa Donatien alisomewa mstari kwa mstari, amefumba macho, na mwisho akasema irudi.

"Papa Donatien, hata kwenye kitanda bado unanirudishia kazi?"

"Nikikubali, kesho utasema nilikubali juu ya ugonjwa. Ile ya katikati umeiacha na yai."

Clémence aliondoka amenuna. Jumanne jioni alirudi nayo. Alimsomea tena, naye akaomba arudie sehemu moja, kisha akasema: "C'est bon. Tuma." Clémence hakuhitaji tena ruhusa yake, na wote wawili walilijua hilo. Aliituma.

Papa Donatien alifariki asubuhi iliyofuata, Jumatano tarehe 12 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, Maman Georgette akiwa ameshika mkono wake wa kulia na Ghislaine wa kushoto. Hakuhangaika. Alikuwa ameomba maji, akayapata.

Ameacha mjane, Maman Georgette Nsimire, watoto wake Fabien, Ghislaine na Fanny, na mkwe mmoja, wajukuu wawili, dada zake wawili na sisi wengine wa tumbo moja, baba yake mdogo Jean-de-Dieu, wenzake wa ofisi, na Clémence, mtunzaji wa Kandelo, ambaye familia hii imemwandika katika orodha hii kwa agizo la tonton. Ameacha pia watumiaji wengi wasioijua sura yake. Baadhi yao wameandika tangu Alhamisi. Mmoja ameeleza huzuni yake kwa mistari mitatu, na katika mstari wa nne ameripoti kasoro. Clémence amemshukuru kwa yote mawili.

Mungu, aliyempa mikono yenye subira kuliko ulimi wake, ampe pumziko jema.

Amelazwa leo, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, Mumosho, katika shamba la baba yake, upande wa mto, kulia kwa kaburi la mama Rosette.