Kaka Casimir na Madigadi ya Kushoto

Wasifu wa marehemu Casimir Nowicki (1948–2020), ulioandikwa na kusomwa na mdogo wake, Bernice, siku ya mazishi, Jumamosi tarehe 15 Februari 2020, Bay City, Michigan

Baba Paroko, ndugu na majirani, pamoja na ninyi wa klabu ya magari mliojipanga kule nyuma na kunikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyetoa amri ile: asanteni kwa kuja kwenye baridi hii. Amri haikuwa yangu. Ilikuwa ya wifi yangu Leona, na nikifika mwisho mtajua kwa nini.

Kaka yetu Casimir, ambaye mji mzima ulimwita Caz, alizaliwa hapa Bay City tarehe 4 Machi 1948, mtoto wa pili wa marehemu Stanislaus na marehemu Helen Nowicki. Wa kwanza alikuwa Raymond, naye ametutangulia. Wa mwisho ni mimi. Mama alizoea kusema kwamba Caz alizaliwa amekunja ngumi, akazikunjua tu alipopata kitu cha kushika. Alikuwa mtoto mpole, mbishi, na mchafu kuanzia kwenye viwiko kushuka chini.

Alisoma shule ya parokia hii hii, na watawa walipata tabu naye. Kusoma kwa sauti kulimtoa jasho. Lakini siku moja Sista Adalberta aliwafunga watoto macho kwa leso katika mchezo fulani, wapapase madawati na kutaja kila moja ni la nani. Caz aliyataja yote. Alipofika kwenye kiti cha Sista akasema, "Hiki ni chako, Sista, na mguu wa nyuma umelegea." Tangu siku hiyo Sista alikuwa akikaa taratibu. Caz alimaliza sekondari mwaka 1966, na mwaka uliofuata akachukuliwa jeshini, akapelekwa Vietnam kutengeneza magari. Alirudi mwishoni mwa 1969. Ya huko hakuyasimulia, nasi hatukumchokonoa.

Machi 1970 aliajiriwa kuwa fundi bodi katika karakana ya Bwana Ostrander, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2013. Mnajua majira yetu ya baridi. Chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na ikishamaliza barafu huanza kula magari. Kwa hiyo Caz hakuwahi kukosa kazi. Alikata bati lililooza, akachomelea jipya, akapaka puti na kupiga msasa. Alipotaka kujua kama bati limelala sawa alivaa soksi nyembamba mkononi, akafumba macho, akapitisha kiganja polepole. Vijana wapya walimcheka. Yeye aliwajibu, "Macho hudanganywa na mwanga. Mkono hauna wa kuudanganya." Mafundi wengi wa mji huu walitoka mikononi mwake, na wapo humu ndani leo.

Alifunga ndoa na Leona Kubiak tarehe 12 Juni 1971, katika kanisa hili. Sasa hapa ndipo gari linapoingia. Mwaka mmoja kabla ya ndoa, Caz alinunua Oldsmobile mpya, lile lenye paa la turubai la kukunja na injini kubwa, ambalo likiwashwa tu vikombe vya Mama hutikisika kabatini. Rangi yake ilikuwa buluu iliyoingia kijani, na aliyeichagua ni Leona. Waliposimama kutazama magari dukani aliweka kidole kwenye kipande cha rangi akasema, "Hii, au nenda ukaoe mwingine." Ndani ya gari lile walichumbiana, na ndani ya gari lile walienda fungate. Chini ya dashibodi Leona alibandika medali ya Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri. Mwaka 1979, binti yao Marcella akiwa mdogo na kutu ikiwa imekwisha kula kingo za milango, waliliuza. Hakuna aliyelia. Lilikuwa gari tu.

Masika ya mwaka 2016 daktari wa macho aliwaambia kwamba Leona ana ugonjwa unaokula katikati ya kuona. Pembeni patabaki kidogo, lakini katikati patakuwa giza, na dawa itachelewesha tu. Aliwapa miaka miwili, labda mitatu. Wakiwa njiani kurudi nyumbani Leona akasema, "Laiti ningeliona lile gari letu mara moja tu." Mwenyewe aliniapia baadaye kwamba alisema kwa kusema, kama mtu anavyotaja chakula cha utotoni. Caz aliyasikia maneno hayo kama hukumu.

Alilisaka gari lile kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea. Alilikuta shambani karibu na Pinconning, limezama nusu kwenye matope, mche umeota katikati ya sakafu yake. Alipapasa chini ya dashibodi akaikuta medali. Nilipoona kile alichokiburuta mpaka gereji kwake, nilimwambia, "Kaka, hilo si gari. Hilo ni kutu iliyokumbuka kuwa gari." Hakucheka. Alinijibu, "Bernice, sina muda wa utani."

Na kweli hakuwa nao. Nilikuwa na kaka, halafu nikawa na mtu anayekohoa vumbi la msasa. Aliacha kucheza karata, akaacha kuwinda, akaacha hata kuja kula samaki wa Ijumaa hapa parokiani. Mkesha wa Krismasi wa 2017 tulikaa mezani bila yeye. Kama ada yetu ilivyo, sahani moja ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Supu ilikuwa imekwisha kupoa Caz alipoingia, kutu imemjaa nyusi, akajikalisha kwenye sahani ya mgeni bila kujua alipokaa. Leona aligeuza kichwa pembeni, maana mbele alikuwa haoni tena vizuri, akauliza, "Nani huyo?" Caz akasema, "Ni mimi, Lee." Alikula pierogi mbili, zile sambusa zetu za kuchemsha, akarudi gereji.

Mwezi uliofuata alifanya kosa ambalo kama lingefanywa na mwanafunzi wake angemfukuza siku hiyo hiyo. Gari la turubai halina paa la bati la kulishikilia. Nguvu yake yote iko kwenye sakafu na kingo za chini ya milango. Kabla hujakata hayo, unachomelea kwanza vyuma vya kushikilia, kutoka upande huu wa mlango hadi ule, ili bodi isisogee. Caz aliwafundisha watu jambo hilo kwa zaidi ya miaka arobaini. Lakini asubuhi ile Leona alikuwa amemmwagia kahawa mkononi, akidhani pale ndipo kilipo kikombe. Alitoka moja kwa moja, akawasha mashine, akakata pande zote mbili na sakafu kwa mara moja, bila hata chuma kimoja. Mchana gari likakunjika katikati.

Rafiki yake Butch Gorski alimkuta ameketi sakafuni. Mazungumzo yao ninayo kwa kinywa cha Butch.

"Milango haikutani tena," Caz alisema.

"Naona. Limepinda mgongo kama punda wa mnada. Lizike, mzee. Tutatafuta bodi nyingine."

"Bodi nyingine si yetu. Hiyo Leona hakuipanda."

"Basi anza upya, polepole."

"Polepole gani, Butch? Macho yake yananisubiri?"

Butch anasema kaka yangu alilia mpaka pua ikatoka kamasi, nami nayaandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kulinyanyua tena kwa jeki, unywele kwa unywele, na kulinyoosha mpaka milango ifungike kwa kidole, kulimchukua mwaka mzima na zaidi. Sikuwahi kumwona mtu akipigana na kalenda namna ile. Kila tulipompigia simu aliuliza kwanza, "Leona anaona nini leo?"

Rangi ilikamilika Agosti 2019. Alimtoa Leona nje kwenye jua, akamsimamisha mbele ya gari. Nilikuwepo. Alimshika kichwa kwa mikono miwili akawa anakigeuza. "Tazama kwa pembeni, Lee. Kushoto. Haya, kulia kidogo. Unaiona?"

"Naona kitu kinang'aa, Caz."

"Rangi. Niambie rangi."

Leona alijitahidi. Mungu ni shahidi, alijitahidi. "Kijivu?" akasema.

Caz alimwachia kichwa taratibu, akaenda nyuma ya gereji, na huko nilimsikia akipiga teke pipa la takataka mpaka likapasuka. Amechelewa. Miaka mitatu ya kuamka alfajiri na kulala na msasa mkononi, na amechelewa.

Tarehe 14 Septemba 2019 alilipeleka kwenye maonyesho, kwa kuwa Butch alikuwa amekwisha kuliandikisha. Majaji walitambaa chini yake na tochi zao, wakatoka wakitikisa vichwa, wakampa nafasi ya kwanza. Sasa ninyi wa klabu mnaijua sheria kuliko mimi: gari la mtu haliguswi. Caz mwenyewe alinuniana na Baba Paroko tangu Pasaka hadi Pentekoste kwa sababu ya kikombe cha kahawa alichokiweka Baba juu ya boneti. Lakini siku ile, mbele ya umati, alitoa soksi mfukoni, akamvalisha Leona mkononi, akamwekea kiganja juu ya gari. Mtu mmoja alipiga kelele, "Mama, usiguse!" Caz akamgeukia: "Huyu asipogusa, nani aguse?"

Leona alilizunguka lote, polepole, midomo inacheza kama anayesali. Alipofika kwenye madigadi ya nyuma ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, akasimama. Akarudi. Akapita tena.

"Caz, hapa pamebonyea."

"Hapajabonyea."

"Pamebonyea. Hapa, kama tumbo la kijiko."

"Mke wangu, majaji wanne wamepita hapo."

"Majaji wanne hawajanyoosha mashati yako tangu mwaka sabini na moja. Weka mkono wako."

Caz alifumba macho, akaweka mkono. Kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya daktari. Jumatatu yake alichukua msasa akaikwangua ile madigadi ya ushindi mpaka bati tupu. Nilimfokea, "Kaka, una wazimu? Umeshinda! Kombe liko juu ya friji!" Akanijibu, "Wale walilitazama tu. Leona ndiye analiona." Kuanzia hapo kila jioni Leona aliingia gereji, akapitisha kiganja, akasema, "Bado." Kaka yangu akaanza tena, na alikuwa na furaha kuliko mwenye kombe.

Furaha hiyo haikumaliza miezi mitatu. Novemba alianza kukonda, na kabla ya mwezi kwisha tuliambiwa ni saratani ya kongosho, imekwisha kusambaa. Madigadi ilikuwa kwenye rangi ya msingi, ile ya kijivu inayotangulia rangi yenyewe, bado na kibonyeo. Alipuuza dawa, alipuuza uji, akaulizia msasa. Mkono ulipokataa kupanda juu ya bega, Leona ndiye aliyepiga msasa, na yeye akaelekeza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi mbili. Jumapili tarehe 9 Februari alitutaka tumpeleke gereji. Leona alipitisha mkono kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Pamelala sawa, Caz."

"Kweli, au unanihurumia?"

"Kweli."

Aliegemeza kichwa, akasema, "Haya, basi." Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 11 Februari 2020 asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Usiku wa kuamkia leo Leona aliniambia haikuwa kweli. "Bado pamebonyea, Bernice. Sikuwa na roho ya kumwambia." Nikamuuliza kama niyaseme haya. Akasema, "Sema. Sasa hivi ameshajua, na kanuna." Ndipo akatoa ile amri: gari lije kanisani. Butch karibu apoteze sauti. "Leona, ni Februari! Chumvi imejaa barabarani! Hakuna mtu anayetoa gari kama lile kabla mvua za masika hazijaosha lami!" Leona akamwambia, "Aliyekuwa akiogopa chumvi ni huyo mnayemzika." Butch akajitolea basi walau kuinyoosha madigadi na kuipaka rangi. Leona akakataa hilo pia. Alisema, "Paache. Hapo ndipo mkono wake ulipoishia. Nikipapasa nikapakosa, nitajuaje kwamba ni gari letu?"

Marehemu ameacha mjane, Leona. Binti, Marcella, na mumewe Dwight, wa Toledo, Ohio. Wajukuu wawili, Paige na Colton. Mimi mdogo wake. Na Butch Gorski, ambaye si ndugu wa damu ila amelia kutuzidi.

Baada ya misa tutaelekea makaburini, kisha turudi ukumbini kwa chakula. Gari mmelipita mlangoni. Lina chumvi mpaka kwenye vioo, na mwanachama mmoja amejaribu kulifuta kwa skafu yake; namwomba aache. Mkitoka, pitieni upande wa kushoto, nyuma, palipo kijivu. Vueni glavu, fumbeni macho, mguse. Mkikuta kibonyeo, msiseme kitu mbele ya Leona, anakijua.

Mungu akupokee, kaka. Weka msasa chini sasa, na mikono yako ilale.