Dereva wa Jenerali Hartnoll

Basi la kutoka Salisbury lilijaa watu waliotoka kumzika Jenerali Hartnoll. Mbele yangu mzee mmoja mwenye nishani kifuani alimwambia mama aliyeketi kando yake, "Nilikuwa dereva wake kule Korea. Alituamuru tukishike kile kilima, tukakishika."

"Mdogo wangu Wilfred alifia huko huko kilimani," mama akasema. "Na Jenerali wako akapandishwa cheo."

"Alilia, bibie. Nilimwona kwa macho yangu."

"Akalia, halafu kesho yake akapeleka wengine?"

"Kesho yake," mzee akasema, "alipeleka wengine mara mbili."

Basi likasimama. Mama akashuka bila kuaga. Mzee akainuka kumfuata, ingawa safari yake ilikuwa bado ndefu.