Pole ya Roméo

— Krona elfu tatu mia nane na arobaini haziondoki kwa maombi, Évode! Zimeondoka kwa barua! Barua tano, na ya nne ilikuwa kurasa tatu!

Sowedi aliyasema hayo kasimama, kahawa inamchuruzika kidoleni wala hana habari. Benchi lao liko mbele ya stesheni ya Bredäng, upande linapopiga jua, na Aprili hii jua limeamua kuripoti kazini, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka. Katikati ilikaa chupa ya chai ya Kiptoo, ambayo haijawahi kuona chai, ni kahawa tupu. Kiptoo ni dereva wa basi. Wanamwita Breki kwa kuwa hakuna hadithi asiyoikanyaga katikati. Évode ni Mtume, maana kwaya ya Warundi haianzi mpaka akohoe. Sowedi ni Kifungu. Miaka kumi alisafisha mabehewa huku akisoma sheria za madeni maktabani, kamusi pajani. Leo ana meza na kompyuta juu ya duka la fundi cherehani kule Sundbyberg, na kazi yake ni kuwapigania watu walioandikiwa madeni yasiyo yao. Baina yao, akichekelea kama bwana harusi, alikuwa Roméo, funguo zikining'inia kidoleni. Nyumba ya vyumba vitatu, Jakobsberg. Wiki sita nyuma mwenye nyumba alimkatalia, kwa sababu jina lake lilikuwa na betalningsanmärkning, lile doa la deni ambalo huku kwa Waswidi likikupata unakaa nalo miaka mitatu, na hupewi nyumba wala mkopo. Asubuhi hii doa halikuwapo. Ugomvi ulikuwa mmoja tu: nani kalifuta?

— Sikatai barua zako, Kifungu, alisema Évode. Ila tulifunga siku tatu. Mchumia juani hulia kivulini, na sisi hatukula popote.

— Mlifunga mpate gari la kwaya!

— Roméo tulimtaja mwishoni.

Kiptoo akakanyaga.

— Nyinyi wote hamjui hii nchi, bana. Ni kompyuta. Theluji ikiyeyuka, maji yanaingia kwa nyaya, madeni madogo yanajifuta. Kila Aprili.

— Na makubwa? aliuliza Évode.

— Hayo yanawekwa ghorofa ya juu.

Sowedi akapiga paja.

— Roméo, hebu waambie deni lenyewe ulilipataje.

Roméo akaonyesha kwa kidevu duka la maua.

— Walisimama pale, vijana wawili, fulana za kijani. Wakanipa ndizi. Wakaomba nambari yangu ya kitambulisho.

— Ukaitoa! Kwa ndizi!

— Ilikuwa imeiva vizuri, mzee wangu.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, alisema Kiptoo. Na huyu aliinama.

— Aliinama akainuka mwanachama wa jimu, huko kwa kunyanyua vyuma, mwaka mzima! Sowedi sauti ikampanda. Mlango wa jimu yenyewe haujui! Haya, walipokudai, ulifanya nini?

— Niliwajibu kwa adabu.

— Uliwajibu nini?

Roméo akashusha macho.

— Poleni kwa usumbufu. Simu ikanitafsiria.

— Simu ikaandika kwa Kiswidi: naomba radhi! Jimu wakapiga makofi. Kaomba radhi, basi kakiri! Ikaja barua ya serikali, barua nzuri kabisa, inamuuliza kama anapinga. Neno moja tu, napinga, na mambo yangesimama. Yeye akailaza chini ya bakuli la ndizi.

— La machungwa. Ndizi nimeacha.

— Siku kumi zikapita, doa likaingia!

— Sasa nitawapingaje watu niliokwisha kuwapa pole? alisema Roméo, na kwa kweli alimaanisha.

Hapo Sowedi aliketi. Hasira yake ni moto wa makaratasi, hauchelewi kuwaka wala kuzimika, na kila akiikumbuka ile barua ya nne moyo wake hutulia. Jumapili nzima aliikalia. Utamwelezaje Mswidi neno pole? Mwishowe akaandika alivyojua: kwetu anapewa pole mgonjwa, anapewa pole aliyebeba mzigo, anapewa pole aliyejikwaa, na anayetoa pole siye aliyeliweka jiwe njiani. Mkiibiwa kesho, aliandika, Roméo atawapa pole, na hatakuwa mwizi. Mwisho akaomba shauri lirudiwe, na jimu waonyeshe sahihi ya Roméo. Hawakuwa nayo. Wakaliondoa dai lao, na doa likafutwa.

— Mimi nimepata jibu, alisema Kiptoo. Jimu walituma mtu amchunguze. Akaona hilo tumbo, akaandika: huyu hajawahi kugusa chuma. Kesi ikaisha.

Roméo akajishika tumbo, akacheka mpaka funguo zikalia.

— Au mkurugenzi wao aliota, alisema Évode. Aliota ndizi saba zilizonona zikimezwa na ndizi saba zilizokonda. Akaamka anatetemeka.

— Mtume, hiyo ni ng'ombe!

— Kwa Mungu ndizi na ng'ombe ni sawa. Na hata hivyo, Kifungu, wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Angelipa tu ile elfu tatu, angehama mapema.

— Dawa ya deni *lako* ni kulipa! Sowedi alikuwa wima tena. Lisilo lako dawa yake ni kupinga! Mara ngapi niwaambie?

Treni ikashusha watu, na rafiki yao Norah akaja na mkoba begani, katoka kazini kwenye nyumba ya wazee.

— Banange, mnasikika hadi kwenye ngazi! Kuna nini?

Wakamweleza wote kwa pamoja: maombi, nyaya, tumbo, ndizi saba, barua tano. Norah akampa Roméo mkono, hongera, msalimie mkeo Darlène. Kisha akamgeukia kila mmoja kwa zamu.

— Na huyu aliyeandika barua, kalipwa?

Évode akatazama duka la maua. Kiptoo akaiinua chupa ya chai, akaitikisa, akakuta imekwisha, akaendelea kuitikisa. Roméo akazitia funguo mfukoni.

— Unajua kuhama, mzee Sowedi, alianza Roméo. Darlène kanunua mapazia... Pole sana, mzee wangu.

Sowedi hakupiga kelele. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha gotini. *Nikishindwa hulipi. Nikishinda, krona mia tisa.* Chini yake, wino wa buluu, jina la Roméo kwa mkono wa Roméo.

— Hiyo pole nimeipokea, alisema. Nimeiandikia kurasa tatu kwamba si kukiri deni, na sirudi nyuma. Ila hii ni sahihi yako. Krona mia tisa, Roméo. Toa simu.