Bi. Nawoi Ejore na Maji Yaliyouma

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2013, Bi. Nawoi Ejore atarudisha vifaa vyake stoo, atatia sahihi, na kukamilisha miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Kampuni ya Umeme ya Tarach. Stoo wameniambia kwamba namba ya testa yake ya kupimia umeme imefutika kabisa, kwa hiyo hawana hakika kama ni mali yetu. Nawaomba wamwachie.

Alianza Machi 1982 kule Lodwar, akiwa mpishi wa chai kwenye kituo cha jenereta. Miaka minne baadaye msomaji mita wetu aliacha kazi, akisema jua la Lodwar halikuumbiwa binadamu. Nafasi ikatangazwa, hakuna aliyeiomba. Bi. Nawoi akaweka birika chini, akaiomba yeye. Mwaka 1994 alifanya mtihani wa ufundi pamoja na wanaume kumi na wanne, akawa wa pili. Mpaka leo anasisitiza kwamba wa kwanza alikuwa amekaa karibu na dirisha lenye upepo.

Wazee wa kampuni bado wanasimulia habari ya 1997, mbuzi alipolila daftari la mita nje ya duka moja mjini. Bi. Nawoi alirudi ofisini na jalada tupu, akaketi, akataja kwa kichwa namba za nyumba mia mbili na kumi na nne. Bosi wa wakati huo hakuamini. Alituma watu wakahakiki nyumba ishirini, na zote zikawa sawasawa. Mbuzi hakuchukuliwa hatua yoyote.

Wengi wetu tukiona mita inakimbia, tunaanza kutafuta mwizi. Bi. Nawoi huanza kuzima. Anazima kimoja, anatazama kisahani kinachozunguka ndani ya mita, anazima kingine, anatazama tena. Kuna mwalimu wa Lodwar aliyelalamika mwaka mzima kwamba bili yake ya umeme inapanda bila sababu. Bi. Nawoi alifungia kipande cha karatasi kwenye mlango wa friji yake, kisha akakivuta kwa vidole viwili kikatoka bila kugoma. Panya walikuwa wametafuna mpira wa mlango, na friji ile haikuwa imepumzika tangu Krismasi.

Lakini nimekubali kuandika wasifu huu kwa sababu ya jambo la Oktoba 2012. Sitalizunguka, maana kosa lilikuwa langu.

Wakati huo, kama sasa, nilikuwa msimamizi wa kituo chetu cha Kakuma. Karibu na laga, ule mto mkavu wa msimu, palikuwa na nyumba iliyopangwa na Nyibol, mama mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini. Alikaa na watoto wake watano na mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Habuba Adhar, yaani Bibi Adhar. Walikuwa na taa tatu, redio, na friza ya maji baridi ambayo Nyibol aliyauza sokoni. Nyumba ya namna hiyo hutumia yuniti mia moja kwa mwezi, labda na ishirini. Mita yake ilionyesha mia tatu na arobaini.

Nilikwenda mara mbili. Nilipekua vyumba vyote nikitafuta koili ya kupikia, hata chini ya vitanda. Nyibol alisimama mlangoni akinitazama.

“Mimi nazima kila kitu,” aliniambia. “Hata taa nazima, watoto nakaa giza. Hii kitu inakimbia tu.”

Sikumwamini. Nilitoka nje, nikaegemea ukuta wa bati wa bafu lao, nikaandika kwenye fomu: anaficha matumizi, akatiwe. Majirani walinisikia nikimsomea. Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisani kwake walimpita bila salamu.

Fomu ya kukata umeme ilihitaji sahihi ya pili, ya fundi kutoka Lodwar. Bi. Nawoi alikuja na pikapu ya kampuni, vumbi hadi kwenye nyusi, nikamkabidhi kalamu. Aliirudisha.

“Sitii sahihi kitu ambacho sijakiona,” alisema.

Alipofika pale nyumbani aliwasalimu wote, “Ejok, ejok,” mmoja mmoja, pamoja na Habuba Adhar aliyekuwa ameketi kivulini. Katika safari zangu mbili sikuwahi kumsalimu bibi huyo. Kisha Bi. Nawoi akazima kila kitu na kuchomoa friza. Kisahani cha mita kiliendelea kuzunguka, polepole.

“Umeona?” nilimnong'oneza. “Kuna waya umefichwa.”

“Upo,” alisema. “Nani kauficha, bado hatujui.”

Akageuza mtungi wa plastiki, akaukalia mbele ya mita. Alikaa hivyo saa nzima, bila simu, bila maongezi. Jua lilikuwa limetulia utosini, nami nilikuwa natamani chakula cha mchana. Nyibol alikuwa akifua. Alipomaliza, alibeba karai la maji machafu, akayamwaga bafuni kutoka mlangoni.

Kisahani kikaruka. Nilikiona kwa macho yangu: hakuna kilichowashwa ndani ya nyumba ile, na kisahani kilikuwa kinakimbia kama kitu kinachofukuzwa.

“Mtu asiingie bafuni!” Bi. Nawoi alipaza sauti. “Asiguse bati! Watoto, rudini!”

Ndipo Habuba Adhar akasema kutoka kivulini, “Maji inauma.”

Mjukuu mmoja akacheka. Nyibol aliona haya. “Ni mzee,” alisema. “Tangu mwezi wa nane anasema hivyo tu.”

Bi. Nawoi alikwenda akachuchumaa mbele ya bibi yule. “Inauma wapi, mama?”

“Hapa.” Bibi alishika vifundo vya miguu. “Na hapa.” Akashika magoti. “Siku moja nimeshika bati, na yeye akanishika. Mimi nasema, wao nacheka.”

Bi. Nawoi aligusisha testa kwenye bati la bafu. Taa yake ikawaka.

Alikata umeme wote, akafungua ubao wa ukuta. Fundi aliyejenga bafu alikuwa amepigilia bati kwa misumari mirefu, na mmoja ulipenya ubao ukaingia kwenye waya uliopita nyuma yake. Tangu Agosti bati lile lilikuwa na umeme. Mchanga ukiwa mkavu, umeme ulivuja kidogo tu. Mtu akioga, au akimwaga maji ya kufulia, ulishuka ardhini kwa nguvu, na mita ikahesabu. Watoto walikuwa wakioga uani, na mama yao pia, usiku. Habuba Adhar peke yake ndiye aliyeoga mle, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguuni amevaa akala za tairi. Hizo ndizo zilizomweka hai. Nami nililiegemea bati lile nikiandika fomu yangu, buti za mpira zikinilinda nisijue. Nikaketi mchangani.

Bi. Nawoi aliniwekea ule msumari kiganjani. “Tafuta aliyejenga hapa,” alisema. “Halafu tafuta nyumba nyingine alizojenga.”

Tulizipata sitini na moja. Alizikagua zote kwa siku tisa, kwa miguu, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Kumi na moja zilikuwa na msumari kwenye waya. Katika moja, mwenye nyumba alishangaa kwa nini mbuzi wake wanakataa kunywa kwenye karai lililokuwa kando ya bati. Hakuna mtu hata mmoja aliyekufa. Ninaliandika hilo tena, kwa sababu mpaka sasa linanishangaza: hakuna aliyekufa.

Siku ya kurudi Lodwar aliniambia jambo moja tu. “Mama yule uliyemwaibisha mbele za watu, ukamsafishe mbele za watu.”

Jumapili nikaenda kanisani kwa Nyibol, nikaomba nafasi, nikasema yote, na jinsi nilivyokosea. Nilipomaliza nilikuwa sijui niketi wapi. Nyibol alisogea, akanipa nafasi kwenye benchi lake.

Bi. Nawoi anarudi kwao Lorugum, ambako hatuna nguzo hata moja, na anasema hiyo ndiyo sababu ya kupachagua. Asante, Mama Nawoi, kwa hatua zote ulizotembea, na kwa kumsikiliza mzee ambaye sisi wengine tulimpita. Tunakuombea mvua kwa wakati wake, mbuzi wanene walio mbali na daftari, na miaka mingi ya kuketi kivulini ukisalimiwa na kila apitaye.

Losike Lokwang
Msimamizi wa Kituo, Kakuma