Mwalimu Penseli, Dada Yetu wa Benchi la Nyuma

Wapendwa mliokuja kulia nasi, historia hii inasomwa na mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea mageti, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na kwa nini aliagiza, mtasikia.

Dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa kwanza wa mama muuza mitumba na baba mlinzi. Alianza shule ya msingi mwaka 1979, akamaliza 1985, akafika kidato cha pili, ndipo baba akafariki, naye akaacha shule ili mdogo wake aendelee, na mdogo wake huyo, Mungu amsamehe, akaichezea nafasi ile, akatoroka darasani hadi akatoka bila kujua kusoma, akaificha siri hiyo miaka mingi, hata somo la kanisani alisomewa nyumbani, akalikariri, kisha akasimama mbele ya waumini akipitisha macho kwenye kurasa.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu seremala, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume fundi umeme, wa kike muuguzi.

Jumatatu, tarehe 11 Januari 1999, aliajiriwa kuwa mwalimu msaidizi wa darasa la pili, kazi ambayo wengi walidhani ni kugawa madaftari na kufuta ubao, kumbe ndiye aliyekata kadi za silabi kabla ya kipindi, ndiye aliyekaa benchi la nyuma na watoto walioachwa na somo, na kila Ijumaa aliwapima mmoja mmoja kwa sauti ya chini, akaandika kila mtoto amefika wapi, ili Jumatatu mwalimu wa darasa ajue pa kuanzia. Aliandika kwa penseli tu, akisema mtoto bado anakua, kesho atafutwa aandikwe upya, ndipo wakamwita Mwalimu Penseli, na shemeji akajiita msaidizi wa msaidizi.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2014, alimpima binti wa mdogo wake, mtoto aliyesifiwa kwa kusoma ukurasa wa kumi na mbili bila kukwama, akamfunulia ukurasa wa ishirini, mtoto akasoma yaleyale ya ukurasa wa kumi na mbili, neno kwa neno, akitabasamu, naye marehemu akaandika, hasomi, anakariri. Baba mtu alikuja shuleni na masizi ya kazini, akafoka mbele ya watoto arobaini, wewe msaidizi tu, nani kakupa cheo cha kufelisha watoto wa watu, akanyakua kifutio akayafuta maneno yale kwa mkono wake, na kwa miaka saba hakukanyaga kwa dada yake, wala hakukiri kwamba katika maneno yale alijiona yeye mwenyewe. Marehemu hakubishana, ila kila mapumziko alikaa na yule mtoto, hadi Machi iliyofuata akasoma ukurasa wowote aliofunguliwa.

Februari 2022 figo zilianza kumsumbua, mdogo wake akaenda na maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga njia nzima, marehemu akamkatiza, hayo nayo umeyakariri, hebu kaa hapa, akatoa kadi za silabi chini ya mto, na siku za kusafishwa damu na siku za nafuu alimfundisha mtu mzima kusoma, akimtania kwamba kichwa chake kigumu kuliko mageti yake. Wiki ya mwisho alimwambia, historia yangu utaisoma wewe, na usiikariri.

Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, saa tano asubuhi. Katika daftari lake, chini ya majina ya watoto, tumekuta mstari mmoja wa penseli, mdogo wangu, anasoma polepole, aendelee.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliompikia, na walimu wenzake waliompokelea vipindi. Kama msomaji amekwama mara nyingi, na kidole hakikutoka kwenye mstari, mumwie radhi, leo anasoma.

Pumzika kwa amani, dada.